Kiyoyozi au Kipupwe? Istilahi Moja na Land Rover Moja ya Ifakara

Fundi alichana karatasi kutoka kwenye daftari la mwanangu, kipande cha ukubwa wa kiganja, akakishika mbele ya grili ya Land Rover yangu huku injini ikiunguruma. Nilidhani kitavutwa ndani. Kikapeperuka kuja nje, kikamgusa kidevu. Akazima injini, akafuta mikono kwa tambara, akasema taratibu: "Mwalimu, feni yako inapuliza kinyume."

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimelipia gesi mara tatu, gereji tatu tofauti, zote nje ya Ifakara. Kila mara niliondoka nikiwa nimeridhika, maana gari likikimbia hewa ilikuwa baridi kweli. Nikifika mjini, nikasimama pale Kibaoni kupisha matrekta yenye matela ya mpunga, hewa iliyokuwa baridi inageuka kama mvuke wa sufuria. Nami nikirudi gereji nilikuwa na sentensi moja tu: "Gesi imeisha." Fundi wa kwanza hakubisha, wa pili hakubisha, wa tatu naye akajaza. Makala haya yanahusu sentensi hiyo, na neno lililonifundisha kuisema.

Neno lenyewe ni kiyoyozi. Ndilo linaloandikwa magazetini, kwenye zabuni za serikali na kwenye vyeti vya mafundi wa majokofu na viyoyozi. Umbo lake ni la Kiswahili safi: ki- mwanzoni, -zi mwishoni, kama kikokotozi kinachotokana na kokotoa. Tofauti ni kwamba msikilizaji wa kikokotozi anakisikia kitenzi ndani yake, na hata asiyewahi kukiona anaweza kubuni kazi yake. Ndani ya kiyoyozi mzungumzaji wa kawaida hasikii kitenzi chochote. Analipokea neno zima, analibandika juu ya kile anachokihisi mwilini, yaani baridi. Muulize mtu yeyote stendi ya Ifakara kiyoyozi kinafanya nini, atakujibu: kinatoa baridi.

Hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa kuwa hata jina la Kiingereza ambalo kiyoyozi kinalitafsiri halikuzaliwa na maana ya baridi. Mwaka 1902 mhandisi kijana, Willis Carrier, alipewa shida ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York. Karatasi zilikuwa zikivimba na kusinyaa kwa unyevu, na rangi iliyochapwa leo haikukaa juu ya rangi iliyochapwa jana. Mtambo aliousanifu ulikuwa wa kuutawala unyevu wa hewa. Miaka minne baadaye, 1906, Stuart Cramer, mhandisi wa viwanda vya nguo huko Charlotte, North Carolina, ndiye aliyelitumia jina "air conditioning" kwa mara ya kwanza. Alilichota kwa watu wa pamba, waliokuwa na desturi ya kuutia uzi unyevu stahiki ili usikatike kwenye mashine. Wao walikuwa wakiuandaa uzi, yeye akaona aiandae hewa. Na Cramer alikuwa akiongeza maji hewani, kinyume kabisa na kazi ya mashine iliyoko chini ya dashibodi yangu.

Kwa hiyo dhana iliyo ndani ya istilahi ni kuiweka hewa katika hali inayotakiwa: joto lake, unyevu wake, usafi wake na mwendo wake. Baridi ni mojawapo tu. Nimesikia pia kipoza hewa, tafsiri inayoeleweka papo hapo, lakini inaangukia kosa lilelile.

Nilieleze gari kwanza. Ni Land Rover 109, Series III, aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, mwili wa bati la alumini lisilo na bitana. Baba aliinunua mnadani mradi mmoja ulipofunga virago. Iliundwa ipitishe hewa, haikuundwa iifungie. Chini ya kioo cha mbele kuna vidirisha viwili vya kufunua kwa mkono, na juu ya paa kuna paa la pili, bati juu ya bati, upepo ukipita katikati ili jua lichome la juu tu. Waliolisanifu paa lile waliijua nchi ya joto. Kiyoyozi kilikuja miaka mingi baadaye, kisanduku kilichopachikwa chini ya dashibodi, ndani yake koili mbili: moja ya kupoza na moja ya kupasha. Mafundi huita vifaa vya namna hii AC ya kufungia, kuitofautisha na iliyokuja na gari.

Kwa nini mtu wa Ifakara afunge kiyoyozi kwenye gari la kupitisha upepo? Swali hili niliulizwa na shemeji yangu wa Arusha kwa mshangao wa dhati. Jibu ni vumbi na mbung'o. Kwa miaka mingi barabara ya kutoka Mikumi kupitia Kidatu na Mang'ula ilikuwa ukifika mwisho wake nywele zimegeuka rangi. Na ukivuka mto kuelekea Lupiro, kisha ukashika njia za porini upande wa Malinyi, mbung'o watakufundisha kufunga vioo. Wadudu waumao ni sehemu ya sababu iliyomfanya Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, aje Ifakara mwaka 1949 na hatimaye aanzishe maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Ukifunga vioo vya gari la bati katika bonde hili, utahitaji mashine.

Sasa mashine. Nesi akikupaka spiriti kabla ya sindano unahisi ubaridi, ilhali chupa ya spiriti ilikuwa mezani, na joto lake ni la chumba kilekile. Spiriti inapogeuka mvuke inachukua joto la ngozi yako na kuondoka nalo. Mtungi wa udongo nao hupoza maji kwa njia hiyo, ukitoa jasho. Kiyoyozi kinafanya hivyohivyo ndani ya bomba lililofungwa. Kipo kimiminika kinachochemka kwenye baridi kali, nyuzi 26 chini ya sifuri, ambacho kinaruhusiwa kuchemka ndani ya koili iliyo chini ya dashibodi. Kinapochemka kinanyonya joto la abiria. Kompresa inaubana mvuke huo hadi uwe moto kuliko hewa ya nje, unapita kwenye kondensa mbele ya rejeta, unalitua lile joto, unarudi kuwa kimiminika, na safari inaanza upya. Hakuna mahali popote ambapo baridi inatengenezwa. Kuna mzigo wa joto unaopakiwa ndani ya gari na kushushwa nje.

Mtu akilishika wazo hili la mzigo, maswali yake gereji yanabadilika. Kama mzigo haushuki mbele, hautapakiwa ndani. Gari linapokimbia, upepo wa barabara ndio mpagazi wa kondensa. Linaposimama Kibaoni, kazi hiyo inabaki kwa feni. Baridi inayokuja kwenye mwendo na kutoweka kwenye kusimama inatuelekeza mbele ya gari, kwenye upepo, hata kabla ya kufungua boneti. Mimi, mtu wa maneno, nilikuwa na dalili hiyo mkononi kwa miezi na sikuisoma, kwa kuwa kichwani mwangu kiyoyozi kilikuwa birika la baridi lililokwisha.

Neno gesi ndilo lililonimaliza zaidi. Katika Kiswahili chetu cha kila siku gesi ni kitu kinachokwisha. Mtungi wa jikoni unakwisha kwa sababu gesi yake inaungua, kama petroli. Kinachozunguka kwenye kiyoyozi hakiungui wala hakitumiki. Kikipungua, kimetoka, na kama kimetoka pana tundu, au mpira uliochoka, au sili ya kompresa iliyokauka kwa gari kukaa miezi bila kuwashwa. Anayesema "gesi imeisha" anaagiza kujaziwa. Akisema "gesi imevuja", hata fundi mvivu atalazimika kuuliza inavujia wapi. Isitoshe, nusu ya safari yake kitu hicho si gesi, ni kimiminika. Mimi napendelea kukiita kipoozi, kwa maana anayelisikia neno hilo anajua kazi yake na hatalichanganya na mtungi wa jikoni. Kompresa, kondensa na rejeta ningeziacha zilivyo. Zimeshazoea ulimi wa gereji, na kuzitungia majina mapya ni kumpa fundi kazi ya pili.

Fundi wa Ifakara hakunijibu nilipomtajia gesi. Alifunga geji zake mbili, ya bluu upande wa shinikizo dogo na nyekundu upande wa shinikizo kubwa, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Zote zilisimama karibu na psi 95. Kwa kipoozi cha R-134a, asubuhi ya nyuzi 30, hiyo ndiyo namba inayotarajiwa. "Kipo," alisema. Akaongeza jambo ambalo wengi hawalisemi: kipimo hicho kinathibitisha kwamba kipo, hakisemi ni kiasi gani. Maadamu ndani kuna kimiminika hata kidogo, shinikizo linafuata joto la siku, kikiwa nusu kilo au kilo nzima. Kiasi hujulikana kwa mizani tu.

Akawasha injini. Nyekundu ikapanda, ikapita 350, ilhali ilipaswa kutulia kwenye 200 na ushee. Bluu nayo ikawa juu. Geji zote mbili zikiwa chini, kipoozi kimepungua. Nyekundu ikiwa chini huku bluu inazama kuelekea sifuri, njia imeziba, mara nyingi kwenye chujio au kwenye vali ndogo inayolisha koili. Zikilingana na kubaki pale zilipokuwa wakati injini imezima, kompresa haisukumi, na hapo unaangalia klachi yake, fyuzi na waya kabla ya kuilaumu kompresa yenyewe. Zikiwa juu zote mbili, kama zangu, joto limekosa pa kutokea au kipoozi kimezidi. Gari langu lilikuwa na yote mawili, kwa kuwa nililipia kuongezewa mara tatu.

Alichota maji kwa kopo la rangi, akayamwaga juu ya kondensa. Mvuke ukafuka. Sindano nyekundu ikashuka tukiitazama, na ndani ya gari mwanangu akapiga kelele, "Baba, baridi!" Maji ya kopo moja yalikuwa yameifanya kazi ya feni. Ndipo ikaja karatasi. Aliyepachika feni miaka ile alibadilisha nyaya, chanya na hasi, na feni ikawa inasukuma upepo kuja nje wakati feni ya injini inavuta kwenda ndani. Upepo mmoja ukamzuia mwenzake, na kondensa ikabaki katikati, imetulia kama chungu mekoni. Fundi alizigeuza zile nyaya mbili kwa dakika tano.

Kuondoa matope ya mafuriko na makapi ya mpunga kwenye kondensa kulichukua mchana mzima. Mavuno ya bonde yanaangukia miezi ya katikati ya mwaka, na makapi yakiruka barabarani yanatafuta vipenyo vya kondensa kama uzi unavyotafuta tundu la sindano. Tuliyatoa kwa brashi laini na maji ya taratibu kutoka upande wa ndani, kwani maji ya kasi hulaza mapezi ya alumini na kuziba kabisa.

Kipoozi cha ziada hakukiachia hewani. Alikuwa na mtungi imara uliokwisha kutolewa hewa, akauzamisha kwenye ndoo ya barafu, akaunganisha mpira, na kipoozi kikahamia chenyewe kule kwenye baridi. Nilifurahi kuliona hilo. Magari ya zamani yalijazwa R-12, iliyokuja kupigwa marufuku kufuatia Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kumong'onyoa tabaka la ozoni. R-134a iliyochukua nafasi yake haigusi ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia zaidi ya kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Kufungua nati na kuiacha ipulize ni kosa, hata kama hakuna anayekuona.

Baridi ikaja, lakini ya uvuguvugu. Fundi alichukua koleo, akazungushia tambara, akaubana mpira unaopeleka maji ya moto kwenye hita. Baada ya dakika chache hewa ikawa baridi ya kweli. Vali ya hita ilikuwa haifungi sawasawa, na maji ya injini ya nyuzi 80 na zaidi yalikuwa yakipita kwenye koili ya pili, ndani ya kisanduku kilekile. Mashine ilipoza na kupasha kwa wakati mmoja. Katika bonde hili dawa ya kawaida ni kuiruka hita kabisa: mipira miwili inaunganishwa, hita inabaki pambo. Nilikaribia kukubali. Joto la bure lipo hapa mwaka mzima, la kulinunua la nini?

Nilikataa kwa sababu ya Mahenge. Ifakara iko chini ya mita 300 juu ya usawa wa bahari. Ukivuka mto kwa Daraja la Magufuli na kupita Lupiro unaanza kupanda milima kuelekea Mahenge, na mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, kioo cha mbele kinafunikwa na ukungu kutoka ndani kwa pumzi za abiria. Kiyoyozi peke yake kinaikausha hewa lakini kinawatetemesha watoto. Hita peke yake inapasha hewa iliyolowa. Ukiviwasha pamoja, hewa inapita kwenye koili ya baridi ikidondosha maji yake, kisha inapita kwenye koili ya moto, na inakifikia kioo ikiwa kavu na vuguvugu. Kioo kinafunguka kuanzia chini, kama pazia linalopandishwa. Hapo niliielewa istilahi ya Cramer kuliko kamusi yoyote ilivyowahi kunieleza. Fundi alibadilisha vali, hita ikabaki.

Unyevu ndio nusu ya kazi iliyosahauliwa na neno kiyoyozi. Bonde la Kilombero ni tambarare ya mafuriko ya karibu kilomita za mraba 8,000, ardhioevu iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002. Hewa yake ya nyuzi 32, yenye unyevu wa asilimia 70, imebeba takribani gramu 24 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Ukiipoza hadi nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na ushee. Yanayobaki lazima yadondoke, na kuyadondosha kunaila nguvu ya mashine kabla hujahisi ubaridi wowote. Maji yale hutoka kwa kibomba chembamba chini ya gari, na mara ngapi nimeitwa barabarani, "Mzee, gari linavuja!" Hiyo ni dalili ya afya. La kutisha ni lisipovuja. Kibomba changu kilizibwa na nyigu aliyejenga nyumba ya udongo ndani yake, na maji yakageukia miguuni mwa abiria. Waya mgumu ulitosha.

Nirudi kwenye istilahi. Watanzania wana neno la pili, ambalo hakuna kamati iliyowapa: kipupwe. Utalisikia kwa wapiga debe wakinadi basi, utalisoma magazetini wanapotajwa wakubwa wanaokaa kwenye vipupwe. Wengi hulichukua kama utani. Mimi naliona kuwa tafsiri bora kuliko zote. Kipupwe ni majira, Juni hadi Agosti, masika yakishapita. Ni ubaridi pamoja na ukavu, upepo mwepesi, anga iliyotakata. Mtu wa Ifakara anakijua kipupwe kwa nguo zinazokauka kambani kabla ya saa sita na kwa kutoamka ameloa jasho. Aliyeliazima jina la majira hayo kuiita mashine aliitaja hewa katika hali yake nzima, jambo ambalo Cramer alilitaka na kiyoyozi hakilisemi. Wanaistilahi huiita njia hiyo kupanua maana ya neno, na hapa umma uliifanya wenyewe.

Sipendekezi kukifuta kiyoyozi. Kimeenea, kina wingi wake, kinafaa kwenye risiti na kwenye mtaala. Naomba watunga kamusi wakiandike kipupwe kwa maana zake mbili, majira na mashine, bila kukitia alama ya lugha ya mitaani, na walimu wa vyuo vya ufundi waanze somo lao kwa kuwauliza wanafunzi kipupwe kina sifa gani. Watajibu wenyewe: ni baridi, ni kikavu, kina upepo. Kwa majibu hayo matatu wameshaigusa koili, kibomba cha maji na feni.

Nawe mwenye gari la zamani, kabla hujalipia gesi, simamisha gari, washa kiyoyozi, kisha shika karatasi mbele ya grili uone inakwenda upande gani.